Ngolo za Mwezini

Kama ulipata kipaimara Mbinga mjini katika miaka ya tisini, na nyumbani kwenu kuna picha yako umesimama wima mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji, maporomoko ambayo hayapo popote wilayani, basi aliyekupiga ni Ottilia. Wapiga picha mjini walikuwa wanne wakati ule, na watatu walikuwa wanaume. Hao watatu walikuwa wakikwambia "cheka", nawe ukicheka kama mtu anayeumwa jino. Ottilia hakukwambia kitu. Alikuangalia, akasubiri, akakuangalia tena, mpaka ukachoka kujikaza na uso wako ukarudi mahali pake. Hapo ndipo alipobonyeza. Ndiyo maana picha za wenzake zina nguo, na zake zina watu.

Alizaliwa Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, binti wa mvuvi wa usipa, dagaa wa huko. Akaolewa Maguu, juu milimani, na mwalimu Wilfred, mtu mpole asiyeweza hata kumkemea kuku. Binti wa ziwani akipanda kuolewa milimani huanza maisha darasa la kwanza. Kuna baridi ya Julai inayopita kwenye blanketi mbili. Kuna kahawa. Juu ya yote, kuna ngolo.

Asiyezijua ngolo aambiwe. Wamatengo, wenyeji wa milima hiyo, hulima kwenye miteremko ambayo mbuzi wa kwingine angeigomea. Ili mvua isiuzoe udongo wote na kuutupa ziwani, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, kisha wanawake huchimba katikati ya mistari na kuzifukia zile nyasi kwa udongo. Linabaki shimo la mraba lenye kingo nne. Maharage na mahindi hukaa juu ya kingo, na maji ya mvua hulala shimoni, yakizama taratibu bila kuondoka na shamba la mtu. Mlima mzima hujaa mashimo hayo, mamia kwa mamia. Mimi nimeona madaraja na maghorofa, lakini kazi ya mikono iliyonifanya nivue kofia ni hiyo.

Na Maguu nzima hakukuwa na mchimbaji wa ngolo kama Kunigunda, mama yake Wilfred. Mistari yake ilinyooka kana kwamba amevuta kamba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kunigunda hakuingoja hata ya pili. Asubuhi ya kwanza baada ya harusi Ottilia alikabidhiwa jembe na safu yake, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa umezoea kufinyanga na mama yake ufukweni, mashimo yake yakatoka ya duara.

"Umechimba vyungu," Kunigunda alisema mbele ya wanawake wote. "Huyu Mnyasa anataka kutupikia samaki shambani."

Wanawake walicheka hadi wakaegemea majembe. Kesho yake alfajiri Ottilia alimkuta mama mkwe shambani, anayanyoosha yale mashimo ya duara, moja baada ya jingine, kimya kimya. Hakungoja kuona mwisho wake. Alirudi nyumbani akalia, na moyoni akasema shamba hili halinitaki.

Kamera ilimjia kwa bahati. Wilfred alirudi na Zenit kutoka mafunzoni Dar es Salaam, akaishika wiki mbili, akakata vichwa vya watu wote aliowapiga, kisha akaiweka juu ya kabati. Ottilia aliishusha. Mtawa mmoja wa misheni alimfundisha kusafisha mikanda, na Wilfred alipohamishiwa shule ya mjini, mkewe akatundika kibao: Studio ya Mama Hilda. Hilda ndiye binti yao wa kwanza. Chini ya jina akaandika kwa rangi nyekundu kwamba picha za hapa hazidanganyi.

Sasa sikiliza aibu iliyompata. Picha ya kwanza aliyoitaka kwa moyo wake wote ilikuwa ya mama mkwe wake shambani. Alitaka yule mama aone kwamba mkamwana aliyeshindwa na jembe ameshinda kwa njia nyingine. Jumapili moja baada ya misa, saa sita mchana, jua likiwa utosini, alimsimamisha Kunigunda katikati ya ngolo zake na kumpiga. Wiki iliyofuata akapanda Maguu na picha ndani ya bahasha.

Kunigunda aliitazama muda mrefu.

"Shamba langu liko wapi?"

"Si hilo hapo, mama, nyuma yako?"

"Hili ni jamvi." Aligeuza picha, akaangalia mgongoni mwake kana kwamba mashimo yamejificha huko. "Ngolo zangu ziko wapi, Mama Hilda? Mimi nimechimba miezi miwili, wewe umezifukia siku moja. Chombo chako kinasema uongo. Usinielekezee tena."

Na kweli, pichani hapakuwa na shimo hata moja. Palikuwa na mama amekunja uso kwa jua, amesimama juu ya kitu kikavu kilicholala bapa. Alichokiona Ottilia kwa macho na alichokiona kwenye karatasi vilikuwa vitu viwili. Tangu siku hiyo, miaka kumi na miwili, Kunigunda hakupigwa picha. Harusini aligeuza mgongo. Kwenye ubatizo alijifunika khanga. Katika albamu yote ya ukoo ule, yeye ni khanga tu pembeni.

Ukafika mwaka 1995. Enzi za ruksa zilikuwa zimepanda hadi milimani: wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja Maguu na magari yao, na kila mwenye mteremko alitaka kuujaza mibuni. Mguu wa Kunigunda ulikuwa umevimba tangu masika. Alichimba ngolo zake kwa mara ya mwisho akiwa amekaa, anasogea kwa makalio kutoka shimo hadi shimo, asikubali mtu amsaidie. Kisha akasema mwenyewe kwamba maharage yakishavunwa, jembe analiweka chini. Ukoo ukaamua shamba lipandwe kahawa mvua za Novemba zikianza.

"Hatuna hata picha moja ya mama," Wilfred alimwambia mkewe usiku ule. "Wala ya shamba lake. Na mke wangu ni mpiga picha."

Hakusema kwa ubaya. Lakini Ottilia alilala na maneno hayo kama mtu aliyelalia kokoto. Angemwomba vipi mtu aliyemwambia mara moja kwamba kazi yake ni uongo? Naye moyoni alijua kwamba hakuwa na uhakika kama mama yule alikosea.

Ndipo Bruda Kilian alipoingia studio. Alikuwa seremala wa misheni, Mmatengo wa hapo hapo, mzee mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Padre wa Kijerumani aliyerudi kwao mgonjwa alikuwa amemwachia darubini ndefu, na Bruda alikuwa ameitazamia mwezi mpaka akatamani wengine wauone. Watoto wa shule wangepanga foleni vipi kwenye tundu moja? Alitaka picha.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele na amina, Bruda."

"Unaweza kupiga mwezi?"

Ottilia alicheka. Kwao Lituhi mwezi ni adui. Usiku wa mbalamwezi usipa hawaifuati karabai ya mtumbwini, na baba yake alikuwa akiutazama unavyochomoza juu ya milima na kusema, "Haya, kesho tutakula wewe." Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angetaka picha yake. Akasema atajaribu.

Bruda alikereza bangili ya mbao iliyoshika Zenit isiyo na lenzi nyuma ya darubini, ikakaa sawasawa. Mikanda ya nyeusi na nyeupe Ottilia aliipata kwa Nurdini, mwenye duka la vifaa sokoni, aliyeitoa chini ya meza huku akimsikitikia. "Mama Hilda, dunia nzima sasa ni rangi," alisema. "Hii umebaki kuitaka wewe peke yako." Lakini ya rangi husafishwa Songea na watu wengine, na Ottilia alitaka kazi yake ipite mikononi mwake mwenyewe.

Walianza mwezi ukiwa mpevu, maana kila mtu hudhani mwezi mpevu ndio mwezi. Ottilia alifanya kama anavyofanya kwenye ngoma za usiku: giza ni giza, basi akaacha kamera wazi kwa sekunde kadhaa. Aliposafisha mkanda alikuta doa jeupe, kama tundu lililotobolewa karatasini. Alikaa chumbani mwa giza akifikiri. Kisha akajipiga kofi la paja. Usiku ulikuwa kwake, Mbinga. Huko juu mwezi ulikuwa umekaa juani! Mtu aliyekaa juani humpigi kama mtu aliyekaa gizani, unampiga kama mama anayegeuza kahawa kichanjani mchana kweupe. Kesho yake akarudi, akaweka kasi ya mchana, na mwezi ukatoka.

Bruda alifurahi, akamshukuru Mungu kwa sauti. Ottilia hakufurahi. Kwenye darubini mwezi ulikuwa mng'aro mtupu, na kwenye karatasi ulikuwa sinia: duara safi lenye madoa ya kijivu, bapa kabisa. Aliutazama, na kitu kikamchoma mahali pa zamani.

"Hili ni jamvi," alisema.

"Unasemaje, mama?"

"Chombo changu kinasema uongo, Bruda. Niliambiwa miaka mingi."

Mwingine angechukua shukrani za Bruda akaenda zake. Picha ilikuwa imepatikana, na watoto wa shule wasingejua tofauti. Hapo ndipo ninapompendea huyu mama. Alisema picha ile haitoki studio kwake mpaka ajue ina kasoro gani, na akaanza kwenda misheni kila alipopata nafasi. Mwezi ukapungua hadi ukapotea, ukazaliwa upya, na siku ya saba, jioni, jua likiwa limetua punde tu, ulikuwa umesimama juu ya utosi wa kanisa, nusu yake tu. Ottilia alichuchumaa chini ya darubini, akaweka jicho.

Bruda alisikia akipiga yowe la watu wa ziwani, lile la kuita mtumbwi ulio mbali.

"Bruda! Ngolo!"

"Ziko wapi?"

"Huku! Wamelima! Njoo uone, mwezi mzima ni ngolo!"

Mzee aliweka jicho lake, kisha akaanza kucheka hadi vumbi la mbao likamdondoka. Kwenye ule mpaka ambapo nusu ya mwanga inakutana na nusu ya giza, mashimo yalikuwa wazi, moja kando ya jingine, kila moja na ukingo wake unaong'aa upande mmoja na kivuli kizito upande wa pili. Mbali na mpaka huo, jua linakopiga wima, hapakuwa na shimo. Palikuwa jamvi.

Ottilia aliinuka, akaegemea ukuta wa karakana ya Bruda.

"Yalikuwepo hata siku zile," alisema polepole. "Mwezi ulipokuwa mpevu yalikuwepo yale yale. Jua lilikuwa linayapiga usoni, ndiyo maana hayakuonekana. Bruda, mimi nilimpiga mama saa sita mchana."

Bruda hakuelewa anazungumza nini. Ottilia alikuwa ameelewa yote. Kamera yake haikudanganya hata siku moja, na mama mkwe wake naye hakudanganya. Aliyekosea ni yeye, na alikosea saa. Miaka kumi na miwili wanawake wawili walikuwa wamenuniana kwa sababu ya jua.

Walifunga gunia la mchanga kwenye miguu ya darubini isitikisike, Ottilia akapunguza kasi kwa kuwa nusu mwezi una mwanga hafifu zaidi, akapiga mara nane. Saba zilitikisika. Moja ilikaa.

Jumapili iliyofuata alipanda Maguu, picha ndani ya bahasha kama zamani, kamera ndani ya mkoba. Alimkuta Kunigunda amekaa uani juu ya kigoda, mguu umenyooshwa, anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Hilda. Wilfred hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu." Akampa picha.

Kunigunda alipangusa mikono kwenye khanga, akaipokea kwa shaka. Aliisogeza karibu na macho. Kuku walikuja wakala maharage ya ungoni na hakuwafukuza.

"Nani kalima hapa?" aliuliza.

Ottilia alichuchumaa kando ya ungo, akawafukuza kuku.

"Mtu ovyo. Tazama, shimo juu ya shimo. Hili kubwa, hili dogo, hakupima. Tena ya duara!" Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Kalima kama wewe. Ni wapi, Kingerikiti huko?"

"Ni mwezini, mama."

Kunigunda alitazama angani, ambako hakukuwa na mwezi wakati ule, kisha akarudisha macho kwenye picha. Watu wote walioiona picha ile baadaye walishangaa mwezi. Yeye alishangaa jambo jingine.

"Mbona ya huko yameonekana?" alisema. "Ya kwangu hayakuonekana."

Swali hilo Ottilia alikuwa amelibeba njia nzima, na bado lilimtoa machozi.

"Kwa sababu ya huko niliyasubiri hadi jua likalala, mama. Ya kwako niliyapiga jua likiwa kichwani. Chombo hakikukosea. Nilikosea mimi. Nisamehe."

Mama mkwe akaweka ungo chini.

"Ungeniuliza ningekwambia," alisema. "Mimi nikitaka kujua ukingo uliopinda, huwa naenda kuangalia saa kumi na moja jioni. Mchana shamba la kila mtu ni zuri." Akaichukua fimbo yake. "Haya, ninyanyue. Tutafika jua limeshalala."

Walishuka taratibu, mmoja akimwegemea mwingine. Maharage yalikuwa yameshang'olewa na ngolo zilikuwa tupu, zimeacha wazi kila kilichofanywa na mikono. Ottilia alipanda mteremko wa ng'ambo na kamera. Kunigunda alikataa kiti, akakataa kuvaa khanga mpya. Alisimama juu ya ukingo na jembe lake. Vivuli vilianza kuingia mashimoni, safu kwa safu, kutoka chini kwenda juu. Ottilia aliweka kidole tayari, lakini safari hii hakuamua yeye.

"Bado!" Kunigunda alipaza sauti kutoka ng'ambo. Akageuza kichwa, akalikagua shamba lake. "Bado kidogo... Sasa!"

Ottilia akabonyeza.

Baada ya siku tatu alirudi na picha ile, kubwa kama kalenda. Kunigunda aliiweka mapajani na kupitisha ukucha juu ya mistari, shimo kwa shimo, miraba yake yote, mamia kwa mamia, imesimama, na yeye mwenyewe katikati, mdogo, mnyoofu. Ottilia naye alikuwa anaitazama juu ya bega lake. Macho yake yakafika pembeni, chini, kwenye kona ya shamba ambako hakuwa amekanyaga tangu ahamie mjini. Huko kulikuwa na mashimo matano yasiyofanana na mengine. Yalikuwa ya duara.

Alijua mkono uliowahi kuchimba vile, ni wake. Lakini ngolo hufukuliwa upya baada ya misimu miwili, na hayo yalikuwa yamechimbwa mwaka huu huu, na mtu aliyekuwa akisogea kwa makalio.

"Mama," alisema, "haya si uliyanyoosha? Nilikuona."

"Niliyanyoosha mengine. Hayo matano nikayaacha, na kila nikilima nayarudia hivyo hivyo." Ukucha wa Kunigunda ulizunguka duara la kwanza, ukazunguka la pili. "Yalikuwa yanashika maji kuliko yangu. Sikuwa na namna ya kukwambia."